Maiti ya Jackson Mwalubunju

Marehemu alikuwa na jina la tajiri na mikono ya maskini.

Inspekta Lusungu Mwasaga aliliona hilo kabla hajamaliza kuvaa glavu. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, na joto la Kyela lilikwisha kuanza kubana ndani ya chumba cha maiti. Kwenye kidole gumba cha mguu wa marehemu palifungwa karatasi: JACKSON ANDREA MWALUBUNJU, MIAKA 31, MFUNGWA, GEREZA LA KILIMO ITUNDU.

Nani Kyela asiyelijua jina hilo? Baba yake, Mzee Andrea, alikuwa na mashine za kukoboa mpunga, maghala ya kokoa na malori yaliyoandikwa jina lake ubavuni. Jackson mwenyewe hakuwa mtu wa kutembea kwa miguu hata kwenda dukani; wengi walimwona kupitia kioo cha gari tu. Mwaka uliopita, akiendesha gari kama mwehu kwenye barabara ya Njisi, alimgonga mama muuza vitumbua aliyeitwa Kisa na kumuua papo hapo. Alipofungwa miaka mitatu watu walishangilia. Walisema, kumbe sheria nayo ina macho. Sasa, miezi saba baadaye, mfungwa alikuwa amelala juu ya meza ya saruji.

"Kimemuua nini?" aliuliza Lusungu.

"Kidole tumbo," alijibu Daktari Brenda, mwanamke mwembamba, mgeni Kyela, asiyependa maneno mengi. "Kimepasuka. Usaha umejaa tumbo zima."

"Ghafla?"

"Hakuna ghafla hapo, Afande. Huyu amelia siku tatu. Angeletwa hata Ijumaa, ningempasua, na saa hizi angekuwa anakunywa uji."

Lusungu aliigeuza ile mikono kwenye mwanga. Ngozi ya viganja ilikuwa ngumu kama kisigino. Kwenye mikunjo ya vidole palikuwa na makovu membamba yaliyopishana, ya mtu ambaye amevuta mshipi wenye samaki wazito tangu utotoni. Juu ya kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na kovu la zamani, kubwa, la ndoana iliyong'olewa kwa nguvu.

"Miezi saba ya jembe la gerezani inaweza kuleta haya?"

"Jembe linaleta sugu. Haya mengine ni ya miaka."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mzee Andrea aliingia, suti nyeusi, viatu vinavyong'aa. Nyuma yake, nje, jeneza lilikwisha kupakiwa kwenye gari.

"Shikamoo, Mzee. Pole na msiba," alisema Lusungu.

"Marahaba. Ndaga, asante. Nipeni mtoto wangu nikamzike. Kaburi limechimbwa tangu jana."

"Mtu akifia chini ya ulinzi, sheria inataka uchunguzi. Kwanza naomba umtambue."

"Nimeshamtambua."

"Lini?"

"Sasa hivi. Huyo ni Jackson. Nisaini wapi?"

Alikuwa bado amesimama mlangoni, hatua sita kutoka mezani. Uso wa maiti ulikuwa umefunikwa shuka.

Katika miaka kumi na mitatu ya kazi, Lusungu alikuwa ameshuhudia wazazi wengi mbele ya meza ile. Wapo walioanguka. Wapo waliobisha hata baada ya kuonyeshwa. Hakuwahi kumwona baba asiyetaka kufunua shuka.

"Leo husaini popote, Mzee."

Andrea hakugomba. Alitoa simu, akanong'ona kidogo, kisha akamnyooshea. Upande wa pili alikuwa mkuu wake wa kazi.

"Inspekta, usimsumbue mzee wa watu. Ana msiba."

"Naomba siku mbili, Mkuu."

"Za nini? Mfungwa kaumwa tumbo, kafa."

"Basi niandikie kwa mkono wako kwamba kifo cha mfungwa kisichunguzwe. Nitaweka barua hiyo ndani ya jalada."

Kisha mkuu akakohoa. "Siku mbili. Si zaidi."

*

Kabla hajatoka, Lusungu alichukua alama za vidole vya marehemu. Kituoni alimwomba msaidizi wake, Koplo Lazaro, amtafutie jalada la ile ajali ya barabara ya Njisi. Ndani yake palikuwa na fomu ya alama zilizochukuliwa siku Jackson alipokamatwa, saa moja tu baada ya kumuua Kisa.

Aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza. Hakuhitaji hata kioo cha kukuzia. Mistari ya dole gumba la Jackson ilizunguka kama maji yanayoingia shimoni. Ya marehemu ilipinda na kurudi ilikotoka.

"Si mtu mmoja," alisema Lazaro.

"Watumie wataalamu Mbeya watuthibitishie. Lakini si mtu mmoja."

Akaendelea kusoma. Mshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana tangu siku ya ajali. Hakimu aliyemhukumu na karani wake walikuwa wageni, wana wiki mbili tu wilayani. Kesi iliitwa ya kwanza asubuhi, mshtakiwa akakiri kosa, na ndani ya robo saa kila kitu kilikuwa kimekwisha. Ndugu wa Kisa hawakuwepo, kwa kuwa hakuna aliyewaambia tarehe. Askari aliyesimama na mshtakiwa na kumtambulisha mbele ya hakimu alikuwa Sajenti Yakobo wa usalama barabarani.

"Yakobo yuko wapi?"

"Likizo, Afande. Ameomba leo asubuhi. Simu haipatikani."

Lusungu alifunga jalada. Sasa alijua nani hakufa. Hakujua nani amekufa.

*

Gereza la Itundu lilikuwa katikati ya mashamba ya mpunga. Askari wa zahanati, Nsajigwa, mtu mzima mwenye macho mekundu, alileta daftari la wagonjwa hata kabla ya kuombwa.

"Sijalala tangu Jumamosi," alisema. "Uliza tu, Afande."

"Alianza kuumwa lini?"

"Alhamisi asubuhi. Mchana nikaona hili si la vidonge. Nikapiga simu kwa baba yake."

"Kwa nini baba yake, si gari la gereza?"

"Letu liko gereji, halina injini. Mzee Andrea akasema, msihangaike, natuma gari langu limpeleke hospitali kubwa ya Mbeya. Nikashukuru. Tukasubiri."

"Ijumaa?"

"Nikapiga tena. Akasema gari liko njiani, dereva kapata pancha. Jumamosi asubuhi simu ikawa imezimwa. Saa tisa alasiri akakata roho."

Kila simu ilikuwa imeandikwa kwenye daftari, na saa yake pembeni.

"Nsajigwa, angekuwa mfungwa mwingine, asiye na baba tajiri, ungefanya nini?"

Yule askari alitazama sakafu.

"Ningempakia kwenye bodaboda Alhamisi ile ile, mtu mmoja mbele, mmoja nyuma wa kumshika. Tumefanya hivyo mara nyingi. Lakini mtoto wa Mzee Andrea! Ningemtoaje kwa bodaboda wakati baba yake ameahidi gari?"

Lusungu aliliandika jibu hilo neno kwa neno. Jina lile lililomkinga Jackson na jela ndilo lililomzuilia mtu mwingine dawa.

"Alisema chochote?"

"Homa ilipompanda alisema mimi si Jackson. Nikajua anaweweseka. Halafu akaacha Kiswahili kabisa, akaanza kumwita mama yake kwa Kikisi. Mpishi wetu ni mtu wa huko ziwani, ndiye aliyetambua lugha. Hata tukashangaa, mtoto wa mjini, Mnyakyusa, Kikisi amekipatia wapi?"

*

Usiku huo wote Lusungu aliligeuza swali moja kichwani. Mtu hakubali kufungwa kwa ajili ya mwingine bure. Huyu alipewa nini? Au alirudishiwa nani, aliyeshikwa kwa neno la Mzee Andrea?

Jumanne, milango ya mahakama ilipofunguliwa, alikuwa tayari amesimama nje. Aliomba rejista ya kesi zote ambazo Mzee Andrea alikuwa mlalamikaji. Ilikuwa moja tu.

Jamhuri dhidi ya Yotamu, mvuvi, mkazi wa Ikombe. Wizi wa kokoa. Mshtakiwa alikuwa amekaa mahabusu miezi mitano kwa kukosa wadhamini wenye mali isiyohamishika. Kisha shauri likaondolewa, mlalamikaji hana nia ya kuendelea. Lusungu alitazama tarehe. Ilikuwa siku moja baada ya "Jackson" kuhukumiwa.

"Yotamu huyu ana watoto?" alimuuliza karani.

"Alikuwa na kijana mmoja. Alikuwa anakuja kila kesi inapotajwa, anakaa benchi la nyuma na ndala zake mkononi ili asichafue sakafu. Siku moja aliniuliza, dada, mali isiyohamishika ni nini? Nikamwambia nyumba yenye hati, shamba lenye hati. Akasema, sisi tuna mtumbwi. Nikamwambia mtumbwi unahamishika." Karani alifunga rejista. "Baadaye hakuja tena."

*

Lusungu na Lazaro walikwenda kwa gari hadi Matema, wakapanda boti ya injini kufuata ukingo wa ziwa chini ya milima ya Livingstone. Ikombe haina barabara. Nyumba zimebanana kati ya maji na mwamba, na kila uwanja una vyungu vinavyokauka.

Tulinagwe, mke wa Yotamu, alikuwa amepiga magoti akilainisha mdomo wa chungu kibichi kwa kipande cha kibuyu. Mumewe alikuwa kivulini akishona wavu.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Karibuni. Polisi tena?" Mikono yake ilisimama. "Baba Ambakisye ameshafutiwa kesi. Karatasi ipo ndani."

"Sikuja kwa kesi hiyo, mama. Nimekuja kuuliza habari za Ambakisye."

"Yuko Malawi," alisema Yotamu haraka. "Anavua huko Karonga. Anatuma meseji."

"Amewahi kupiga?"

"Meseji tu. Anasema simu yake spika imekufa." Alimpa Lusungu simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. "Soma. Ya juzi Jumapili."

Lusungu alisoma. *Mzee niko salama kazi inaendelea vizuri msiwe na wasi. Ambakisye.*

Jumapili. Mtu aliyekufa Jumamosi alasiri.

"Huwa anakuita 'Mzee'?"

Yotamu alisita. "Hapana. Ananiita tata. Nilidhani Malawi wamembadilisha."

"Aliondoka na nini, baba?"

"Nguo aliyovaa na kitambulisho chake cha taifa. Mimi nilikuwa bado mahabusu. Nilipotoka nikaambiwa ameondoka wiki iliyopita."

"Na zile kokoa ulizoshitakiwa nazo?"

Uso wa mzee ulibadilika. "Zile? Afande, mafuriko yalibeba mashamba ya watu huko juu. Mto ukatema maganda ya kokoa ziwani, yanaelea kama maboya. Nikayaokota kwa mtumbwi, nikaanika. Walikuja vijana wa Andrea wakasema ni za shambani kwake. Kokoa ina alama ya mtu? Miezi mitano, Afande. Nililala nimekaa, hapakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu."

Lusungu alimgeukia mama. Alikuwa amelikwepa swali hili tangu aliposhuka kwenye boti.

"Mama, Ambakisye alikuwa na alama yoyote mwilini?"

Tulinagwe alisimama polepole. Udongo ulikuwa umemfika viwikoni.

"'Alikuwa'?" alisema. "Umesema 'alikuwa'?"

Mawimbi madogo yaligonga mitumbwi.

"Mkono wa kushoto," alisema mama. "Ndoana. Akiwa na miaka tisa. Niliing'oa mwenyewe kwa meno."

Lusungu akatikisa kichwa kukubali. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, juu ya chungu alichokuwa akikifinyanga, kikabonyea chini yake. Ni Yotamu aliyelia. Alipoelezwa yote, jinsi mwanawe alivyojitoa ili yeye atoke, alijipiga kichwa kwa ngumi zote mbili, akisema, "Mngeniacha nife mle! Nani aliwatuma mnitoe?" Lazaro ilibidi amshike mikono.

*

Njiani wakirudi, Lusungu alikuwa kwenye simu muda wote. Kampuni ya simu ilimpa jibu jioni. Namba iliyotuma meseji ya Jumapili ilikuwa imewashwa Njisi, hatua chache kutoka mpakani. Akaongea na maofisa wa uhamiaji: yeyote atakayeonyesha kitambulisho cha Ambakisye Yotamu azuiwe, kwa heshima, apewe kiti.

Mwenye kitambulisho hicho alikamatwa Jumatano saa moja asubuhi, akielekea Malawi. Alikuwa amevuka wiki ile kuja kusikiliza kama marehemu ameshazikwa.

Kijana mnene, fulana safi, miwani ya jua juu ya kichwa. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano kama mtu anayesubiri chai.

"Jina lako?"

"Ambakisye Yotamu."

"Mzaliwa wa wapi?"

"Ikombe."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Ambakisye."

"Anafanya kazi gani?"

"Mama wa nyumbani tu."

"Nisalimie kwa Kikisi."

Lusungu hakujua Kikisi hata neno moja. Lakini yule kijana hakulijua hilo. Aliishusha miwani machoni.

"Nimekaa sana Malawi. Nimesahau."

"Nionyeshe mkono wako wa kushoto."

Mkono ulikuwa laini, umepakwa mafuta, hauna hata mkwaruzo. Lusungu alikibonyeza kidole gumba chake kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akaiweka karatasi hiyo kando ya fomu ya mwaka jana. Maji yanayoingia shimoni, na maji yanayoingia shimoni.

"Jackson Mwalubunju," alisema. "Pole, umefiwa na wewe mwenyewe."

Jackson alivua miwani. "Nataka kuongea na baba."

"Utaongea na mimi. Nani alitunga meseji za kumdanganya mzee Yotamu?"

"Baba alisema nitume. Mara moja kwa mwezi. Ili wasitafute."

"Hata baada ya kujua amekufa?"

"Ilikuwa ndiyo siku ya kutuma," alisema Jackson, kama anaeleza jambo la kawaida kabisa.

*

Mzee Andrea aliletwa saa nne. Alikaa wima. Lusungu alipanga mbele yake vitu vyote bila kusema: fomu za alama za vidole, daftari la Nsajigwa, orodha ya simu, kitambulisho cha Ambakisye, maelezo ya onyo yaliyosainiwa na Jackson. Alimkumbusha haki yake ya kunyamaza na ya kumsubiri wakili.

"Wakili yuko njiani," alisema Andrea. Alitazama saini ya mwanawe. "Lakini sina cha kuficha. Nilifanya makubaliano. Kila upande ulipata."

"Ulianzaje?"

"Yule kijana alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, Bondeni. Akapiga magoti nimsamehe baba yake. Nikamwambia, nitamtoa. Na wewe una nguvu, una afya, utanisaidia. Utafungwa kwa jina la Jackson, ila hutamaliza kifungo, nitakata rufaa, utatoka mapema. Akafikiri siku mbili, akakubali. Sikumshikia panga."

"Ulikata rufaa?"

Andrea aliinyoosha suti yake.

"Ulikata rufaa, Mzee?"

"Nilisahaulishwa na shughuli."

"Baba yake aliwekwa mahabusu na nani?"

"Na mahakama."

"Kwa malalamiko ya nani?"

"Yangu. Aliiba kokoa."

"Zilizoletwa ziwani na mafuriko. Ghala lako lilipungukiwa?"

"Suala si kupungua. Ukiwaachia hawa, kesho wanaingia shambani."

"Alhamisi Nsajigwa alikupigia. Ukasema unatuma gari. Una malori sita na magari madogo manne. Kwa nini hakuna hata moja lililotoka?"

Kwa mara ya kwanza macho ya mzee yalihama.

"Fikiria mwenyewe, binti yangu. Hospitali hizi, kila muuguzi anamjua Jackson. Mtu angeshushwa pale kwa jina lake, mchana ule ule mji mzima ungekuwa unacheka. Na Mbeya nako nina watu."

"Kwa hiyo uliahidi gari ili gereza lisimpeleke."

"Nilijua atapona. Vijana wa ziwani ni wagumu."

"Na Jumamosi ukazima simu."

"Nilizima."

"Ulijua anakufa."

"Nilijua anaumwa sana." Andrea aliinua sauti ghafla, na ndipo moyo wake ukaonekana wote. "Wewe huna mtoto? Jackson amesoma! Angelalaje sakafuni na wezi wa kuku, anakula maharage yenye wadudu? Wale wamezoea. Yule alikuwa anakula vizuri gerezani kuliko kwao! Nilimtoa baba yake. Nani mwingine angemtoa? Wewe? Serikali? Mzee angeozea mle mle, na wewe unajua kwamba angeozea mle mle."

Hapo ndipo Lusungu alipoumia zaidi, kwa sababu maneno yale ya mwisho yalikuwa kweli. Miezi mitano Yotamu alikuwa amelala amekaa, mita mia moja kutoka ofisini kwake, na yeye hakuwahi kulifungua jalada lake. Alitamani kuipindua meza. Badala yake alishika kalamu.

"Kisa, muuza vitumbua, alikufa kwa gari la mwanao ukasema ni ajali," alisema. "Yotamu akaokota maganda majini ukasema ni wizi. Ambakisye akaumwa tumbo, ukamwahidi gari. Mzee, soma maelezo yako, kama ni sahihi saini."

Alisaini.

*

Wakili alifika kutoka Mbeya kabla wino haujakauka. Kufika saa saba Mzee Andrea alikuwa na maumivu ya kifua. Kufika saa tisa alikuwa amelazwa chumba cha peke yake, chenye feni, na askari mmoja mlangoni. Sajenti Yakobo alikamatwa Ngonga, kwa wakwe zake, amejifungia ghalani. Yeye na Jackson walilala rumande, sakafuni. Lazaro alitumwa kwa ndugu wa Kisa kuwaambia kwamba mtu aliyemuua dada yao hajafungwa hata siku moja.

Jioni mkuu alimwita Lusungu ofisini.

"Kazi nzuri," alisema, akipekua jalada. "Andrea, Jackson, Yakobo. Kuua kwa kukusudia, kuidanganya mahakama. Wakili wa Serikali ataamua kama 'kukusudia' itasimama." Akapekua tena. "Na huyu mvuvi je? Yotamu. Alinufaika na udanganyifu. Kesi yake ilifutwa kwa njia ya hila. Naona tumweke mshtakiwa wa nne, ili watu wasiseme tumewaonea matajiri."

Lusungu alisimama.

"Mkuu, Yotamu ni shahidi wa kwanza wa Jamhuri. Nimeshaandika. Ukitaka kumfanya mshtakiwa, ufute mwandiko wangu kwa mkono wako, uweke saini, na kesho mimi nitapanda kizimbani upande wa utetezi wake."

Mkuu alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha alifunga jalada, akamsukumia.

Alhamisi asubuhi Daktari Brenda aliandika kibali kipya cha mazishi. Tulinagwe hakujua kusoma. Aliomba asomewe jina, akasomewa. Akaomba tena, akasomewa tena, Ambakisye Yotamu, mpaka akaridhika. Wanaume wa Ikombe walilibeba jeneza mabegani hadi kwenye gari la kuwapeleka Matema, ambako boti ilikuwa inasubiri. Yotamu alitembea mbele, ameinama kama anatafuta kitu alichodondosha.

Lusungu alimshika mama mkono. "Pole sana, mama."

Tulinagwe aliutoa mkono wake taratibu, bila chuki.

"Pole nimepewa nyingi, mwanangu. Nipe tarehe ya kesi."

"Tarehe kumi na nne, mama. Saa tatu asubuhi."

"Kumi na nne," alirudia yule mama, akakunja khanga yake kiunoni, akapanda garini. "Nitakuwepo saa mbili."